Nyongeza ya Usingizi

Haya nilielezwa na Bi Nyangeta, yule mfuma mikeka wa upande wa kisimani, mwezi mmoja baada ya arobaini ya mumewe, mimi na yeye tukichambua mchele kwenye ungo mmoja. Sikumwuliza kitu. Alianza tu, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa zamani na leo ndiyo limemfikia. Akasema, palikuwa na mji. Nikasema, mji gani huo? Akasema hauna jina, kwa sababu wote waliokuwa na haja ya kuutaja walikuwa wamo ndani yake. Basi nikaendelea kutoa chuya zangu, naye akaendelea.

Mji huo haukuwa na usiku. Jua lake lilikaa mahali pamoja, juu kidogo ya mapaa, jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, haliwaki wala halizimiki. Majogoo hawakuwika, maana hawakujua wamwamshe nani. Na kwa kuwa giza halikuja, usingizi nao haukuja wenyewe. Ulikuwa kitu cha kupewa. Ulikuwa ndio mshahara. Mtu akimaliza zamu alipita dirishani, akainamisha kichwa, akanyoosha pindo la kanga au ncha ya shati, na mkono ambao mwenyewe haonekani ukamfungia humo fundo moja. Fundo halikuwa na uzito wowote. Ulifika nalo nyumbani, ukalala chali, ukalifungua karibu na pua, na kope zikashuka zenyewe kama pazia lililokatika kamba. Ukiamka, pindo tupu, unarudi kazini.

Kazi ilikuwa kushika ukuta.

Hakuna aliyeujua ukuta huo unaanzia wapi. Ulikuwa wa udongo mwekundu, una vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe, na watu walisimama mbele yake bega kwa bega, kila mmoja na mahali pake, kiganja cha kulia kimebandikwa, ili usianguke. Usianguke upande gani? Hilo halikuulizwa. Nyuma yake kuna nini? Hilo nalo halikuulizwa, ila wapo walionong'ona kwamba nyuma yake kuna watu wengine, nao wamesimama bega kwa bega, nao wanausukuma kuja huku, nao wameambiwa wanaushika. Ikiwa ni kweli, basi ukuta ule ulisimama kwa sababu ya kuogopwa pande mbili. Ikiwa si kweli, ulisimama wenyewe. Mkono hauwezi kujua tofauti. Mkono unajua uvuguvugu tu, na baada ya muda haujui hata huo.

Mwanamke mmoja wa ukutani aliitwa Mashavu. Alikuwa ameshika mahali pake kwa miaka ambayo hakuweza kuisema, kwa kuwa mwaka kule ulikuwa ni ile siku ya mapitio tu, siku msimamizi anapopita kumkagua kila mtu amefanyaje kazi, na katikati ya mapitio na mapitio hapakuwa na kitu cha kushikia kumbukumbu. Ganzi ilimwanza kwenye ncha za vidole. Ikapanda hadi kiwiko. Ikakaa begani muda mrefu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, halafu haikusubiri tena, ikaingia kifuani. Hakuwa na huzuni. Huzuni inataka mahali pa kukaa, na kwake palikuwa pameshajaa. Mumewe aligeuka kumpa msimamizi mgongo siku ya mapitio fulani, kama kila mtu anavyotakiwa kugeuka, na hakugeuka tena kurudi. Alinyoosha tu kwenda zake, na Mashavu alipoambiwa alisema, "Ahaa," akabandika kiganja.

Kitu kimoja tu ganzi haikukifikia. Nyumbani alikuwa na mama mkwe wake, Bi Mkunde.

Bi Mkunde alishika ukuta maisha yake yote, mpaka mkono ukakataa kunyooka, wakamstaafisha. Mstaafu hapewi fundo. Basi Mashavu akirudi alikaa mkekani, akafungua fundo lake kwa uangalifu, akaligawa, nusu yake na nusu ya mkongwe. Lakini nusu ya usingizi si usingizi. Ni kusinzia tu, kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda na haruhusiwi kupandisha miguu. Mashavu alivumilia, ana ganzi. Mkongwe hakuwa nayo. Macho yake yalikuwa mekundu, makavu, wazi. Alianza kumwona mbuzi yule yule akipita mlangoni na kupita tena bila kurudi. Alimwita Mashavu kwa jina la dada yake aliyekufa. Na watu wasiolala katika mji ule hawakufa, walikauka. Walikauka kuanzia kwenye macho, wakawa kama maganda ya mahindi yaliyokaa kitako, na wakiguswa walitoa sauti ya maganda, na bado wakawa macho.

Siku moja, kama siku ndilo neno lake, Mashavu alimgusa mkongwe begani, akasikia sauti hiyo kidogo. Chakacha. Kidogo sana.

Alipofika ukutani alimwambia jirani yake. Jirani yake aliitwa Sikujua, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeshika ukuta kana kwamba ameegemea baa.

"Shoga, nataka kuomba nyongeza."

"Nyongeza ya nini? Ya ukuta?"

"Ya fundo. Moja zaidi. Moja zima liwe la mama, na mimi nibaki na langu."

Sikujua alicheka hadi kiganja kikateleza. "Umwombe Msimamizi Lugendo? Yule bwana akitaka kupiga chafya anaimeza, isije ikatumika bure! Wee Mashavu, wewe umechoka."

"Sijachoka. Nataka kuomba."

"Haya, sikiliza basi." Sikujua akashusha sauti, akatazama kushoto na kulia. "Nenda kabla ya mapitio. Usisubiri yapite. Yakishapita anakuwa na majibu tayari, anakujibu bila hata kukusikiliza. Kabla ya mapitio anakuwa hajui, na mtu asiyejua anaogopa kidogo. Mfuate hapo hapo."

"Niseme nini?"

"Sema umefanya kazi. Mwoneshe mahali pako. Na usilie, analoana upesi, halafu anachukia kulowa."

Mashavu alipeleka mashauri hayo nyumbani. Bi Mkunde alikuwa ameketi, macho kwa mlango, anamhesabia mbuzi wake safari. Alisikiliza mpaka mwisho, na ile akili yake ikarudi kama taa iliyotiwa mafuta, ikawa ya mama mwenye nyumba.

"Unamleta mkubwa wa kazi aone mahali pako?"

"Ndiyo, mama."

"Pakoje?"

"Pako kama palivyo. Pameingia ndani. Kuna shimo la kiganja, na vidole vitano, na nyufa pembeni."

"Hee! Mashavu! Utamleta msimamizi kwenye ukuta wenye shimo? Uliouharibu kwa mkono wako? Atasema huyu mke alilelewa na nani? Atasema, ni mkwe wa Mkunde." Alipiga goti lake kavu. "Mwanangu, kabla mgeni hajaingia, nyumba inasiribwa. Chota udongo, uuponde, utie maji, usiribe mpaka palainike kama shavu la mtoto. Ndipo uombe."

Na hapa lazima niseme jambo ambalo Bi Nyangeta alilisema akiwa ameacha kuchambua. Watu wote wa ukutani waliyaonea haya mashimo yao. Siku ya mapitio waligeuzwa, wakaangalia jua, na nyuma yao walisikia hatua za msimamizi, kimya kidogo, na maji yakimiminwa. Maji ya nini? Kila mtu alijua kivyake. Mmoja alisema anaosha uchafu tuliouacha. Mwingine, anautuliza ukuta kwa maumivu tuliyoutia. Hakuna aliyegeuka kutazama. Kwa hiyo kila mmoja, vizazi hadi vizazi, aliamini kwamba lile shimo ndilo kosa lake, na kwamba anasamehewa kila mwaka. Unaweza kuishi muda mrefu sana ndani ya msamaha wa kosa ambalo hujalifanya. Unazoea. Unainamisha kichwa dirishani, unashukuru.

Mashavu aliponda udongo. Aliupeleka ukutani kabla ya zamu, kwenye ndoo, na kata moja ya maji. Aliutia kwanza kwenye gumba, halafu kwenye kidole cha shahada, akaujaza kiganja, akapiga kwa ngumi ili ushike, akalainisha kwa kitambaa kibichi, duara, duara, duara, kama mama yake alivyosiriba, kama mama mkwe wake Mkunde alivyosiriba. Ilikuwa mara ya kwanza mkono wake kuugusa ukuta bila kuusukuma. Alipomaliza hakupaona tena mahali pake. Alisogea nyuma hatua tatu ili apatazame, na ilimbidi ahesabu kuanzia kwa Sikujua ili ajue ni wapi.

"Na wewe hupasiribi pako?" alimwuliza Sikujua alipofika.

"Mimi? Mvivu mimi, shoga. Anisamehe hivyo hivyo."

Bwana Lugendo alikuwa na chumba kidogo chenye meza, na hakukuwa na kiti upande wowote. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye viganja laini kama vya mtu aliyetoka kufuliwa. Mbele yake palikuwa na daftari, kikombe cha maji na kijiko.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kuomba. Najua mapitio bado. Nimekuja kabla."

"Wengi huja baada," alisema Lugendo, na kweli aliogopa kidogo, akashika kijiko. "Sema basi."

"Naomba nyongeza. Fundo moja juu ya langu. Nimeshika ukuta sijawahi kuuacha. Siku mume wangu alipoondoka niliushika. Nilipokuwa na homa niliushika, Sikujua akinishikilia kiuno. Siombi kwa ajili yangu. Nyumbani kuna mzee anakauka."

Lugendo alimsikiliza mpaka mwisho. Hili watu wa mji ule hawakulitegemea kwake. Kisha akachukua kikombe na kijiko, akasema, "Twende. Sikuamini wala sikukatalii. Kwanza nikuone kama upo."

Walitembea kando ya ukuta. Watu wote waligeuka kulitazama jua kwa mazoea, hata Sikujua. Mashavu peke yake hakuambiwa ageuke, kwa hiyo akawa mtu wa kwanza kuona. Msimamizi alisimama mahali pa Sikujua, akajaza kijiko, akakimimina polepole ndani ya alama ya kiganja, ukuta ukanywa. Akajaza cha pili, ukanywa. Cha tatu kikamwagika nusu. "Viwili na nusu," alisema, akaandika. "Mwaka jana viwili. Huyu anafanya kazi, hata kama anacheka."

Mashavu alielewa kabla hawajasogea. Bi Nyangeta alisema kwamba alielewa kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayeangalia sahani ikianguka na kujua kwamba imeshavunjika, na bado iko hewani.

Msimamizi alisogea hatua moja. Akajaza kijiko. Akamimina. Maji yaliteremka juu ya udongo laini kama shavu la mtoto, yakafika chini, yakaingia mchangani.

"Hapa hajawahi kusimama mtu," alisema.

"Ni mimi, bwana. Mimi nipo."

"Sauti naisikia."

"Nimepasiriba. Nimejaza kwa mkono wangu. Nilitaka pawe safi, kwa heshima yako."

"Naamini," alisema Lugendo, na uso wake ulikuwa na uchungu wa kweli. "Nakuamini kabisa. Lakini mimi sikupewa kazi ya kuamini. Nilipewa kijiko."

"Chimbua kidogo. Udongo bado mbichi, uondoe, utaona."

"Nikichimbua itakuwa alama ya mkono wangu."

Watu bado walikuwa wanalitazama jua.

"Mama yangu anaitwa Mkunde," alisema Mashavu. "Huyo je, unamjua?"

Uso wa Lugendo ulichangamka. "Mkunde! Kiganja chake kinameza vijiko saba! Katika ukuta mzima hakuna kingine kama hicho. Wageni wakija wakubwa tunawaleta kukiona."

"Basi mpe yeye fundo. Hajalala. Anakauka."

"Mstaafu hapewi, mama. Mstaafu anaheshimiwa."

"Nikisema ninamwona anakauka?"

"Ungekuwepo ningeandika kwamba umesema."

Mashavu alitazama viganja vya yule mtu. "Na wewe, bwana, alama yako iko wapi?"

"Mimi niko kwenye ukuta wa juu."

"Umewahi kuiona?"

Lugendo alikitikisa kijiko, tone la mwisho likadondoka. "Siku ya mapitio yetu tunageuzwa mgongo," alisema. "Nasikia maji."

Kisha akafungua daftari, akatafuta, akamwonesha mahali ukurasa ulipokuwa mtupu. "Sikufukuzi," alisema kwa upole. "Uelewe hivyo. Mtu asiyekuwepo nitamfukuzaje?"

Pale dirishani Mashavu alinyoosha pindo la kanga, na mkono haukutoka. Alisubiri muda ambao watu saba walipewa mafundo yao wakipita katikati yake, bila kumkanyaga na bila kusema samahani. Akarudi nyumbani.

Kuna kufikiri kunakotembea pamoja na miguu. Kulikwenda hivi: nilikuwepo. Nilipokuwepo nilikuwa shimo. Kumbe kuwepo kulikuwa ni kuukosesha ukuta kitu, na mimi nimeurudishia. Nimeurudishia nini? Hewa ya ukubwa wa mkono. Basi mimi nilikuwa hewa ya ukubwa wa mkono. Mama anakauka. Sasa hata nusu sina. Nimfunge pindoni nini? Mama anakauka. Nilisiriba vizuri. Hakuna aliyesema nilisiriba vizuri.

Alipoingia ndani, Bi Mkunde aliinua uso. "Amekubali?"

Mashavu alikaa kwenye mkeka ili amjibu, na kabla hajajibu alilala.

Alilala kama jiwe lililotiwa majini. Alilala bila fundo, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya mkeka. Bi Mkunde alimtazama. Hakuna aliyewahi kumtazama mtu aliyelala kwa muda mrefu kama yule mkongwe, naye alisahau hata mbuzi. Mashavu alipoamka, alimkuta ameinama juu yake.

"Umelala."

"Sikupewa kitu, mama. Sina kitu. Walinifuta."

"Umelala, mwanangu, mimi nimekuona. Umekoroma. Umegeuka ubavu kama mtu mwenye nafasi. Ulipata wapi?"

Mashavu alijipapasa. Ndani ya mkono palikuwa na mchomo mdogo, kama wa siafu mmoja. Ganzi ilikuwa inasogea. "Sijui," alisema. "Umenijia tu." Akasimulia yote: kijiko, maji, daftari, vijiko saba.

Bi Mkunde hakusema neno kuhusu ushauri wake. Alishika tama. Mwisho akasema, "Kwa hiyo usingizi hauna mwenyewe. Unamjia yeyote, ila aliyeandikwa."

"Inaonekana hivyo."

"Basi nimegee huo wako."

Walijaribu. Mashavu alilala tena, kwa kuwa sasa ilikuwa rahisi, akapumulia ndani ya pindo, mkongwe akafunga fundo haraka. Walipolifungua, ilikuwa pumzi. Ilinuka mihogo. Bi Mkunde aliinusa yote hata hivyo, akasubiri, macho yakabaki wazi, na alipohema kifua chake kilisema chakacha.

Mashavu alisimama, akachukua ndoo.

"Hapana," alisema Bi Mkunde.

"Ni kusiriba tu, mama. Nitakufanyia mimi."

"Vijiko saba!" alisema mkongwe. "Umesikia? Wanaleta wageni. Mimi nilidhani ni aibu yangu, nimeionea haya maisha yangu yote, kumbe wanaleta wageni. Leo ndiyo nimeambiwa. Leo! Na wewe leo hii hii unataka kuifuta."

Mashavu aliweka ndoo chini. Hakumsukuma. Alikaa, na walikaa, na jua likakaa. Ni mkongwe aliyeanza kujizoa mwenyewe, kwa kushika ukuta wa nyumba, kwanza goti, halafu goti la pili.

"Twende nikaione," alisema. "Kuiona si kuifuta."

Sikujua alikuwa kwenye zamu. Alimwona Bi Mkunde kutoka mbali, akapaza sauti, "Shikamoo bibi! Umekuja kutuamsha? Nani amekuleta, jamani, peke yako na miguu hiyo?"

"Marahaba. Si nimekuja na Mashavu."

"Na nani?"

"Mashavu. Huyu hapa. Jirani yako."

Sikujua alitazama mahali Mashavu aliposimama, akatazama kwa wema, akatazama mpaka nyuma yake. "Bibi, bibi. Usingizi huo. Hapa pembeni yangu hajawahi kusimama mtu. Pana baridi, ndiyo maana najibana huku." Kisha akacheka, akaelekeza kichwa kwenye ukuta laini, akauambia ukuta, "Unasikia, shoga? Wewe ni Mashavu!"

Mashavu alisema, "Ahaa." Mchomo ule wa siafu ulikuwa umefika kiwikoni.

Walitembea hadi mahali pa zamani pa Bi Mkunde. Ilikuwa kweli. Kiganja kilikuwa kimeingia ukutani hadi kwenye kifundo cha mkono, vidole vimenyooka vizuri, vya mwanamke kijana, na ndani kabisa palikuwa peusi. Mkongwe alipeleka mkono wake uliokunjamana, akautia humo. Ulipwaya. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayevaa kiatu cha harusi yake.

"Mimi nakuona," alisema bila kugeuka. "Sikujua hakuoni, mimi nakuona. Kwa nini?"

"Sijui, mama. Labda kwa sababu hujalala."

"Na nikilala, tutaonana?"

"Sijui."

"Nani atajua nilikuwepo?"

"Hakuna," alisema Mashavu.

"Na nitalala."

"Utalala."

Bi Mkunde alitoa mkono shimoni. "Lete udongo. Lakini usinisaidie."

Alisiriba mwenyewe. Alianza ndani kabisa, akipeleka donge baada ya donge, akilikandamiza kwa ngumi yake kavu, na kila donge lilipoingia alitaja kitu kwa sauti ya chini: huyu ni mwanangu siku ya kuzaliwa, nilisimama hapa na uchungu; hii ni mvua ile; huu ni wimbo wa yule mama aliyekuwa kushoto kwangu, jina lake nimelisahau, basi naye aingie. Kiganja kikajaa. Akajaza gumba. Akajaza cha shahada, cha kati, cha pete. Alilainisha kwa kitambaa, duara, duara. Alipofika kwenye kidole kidogo alisimama, donge mkononi.

"Hiki nakiacha," alisema.

"Mama, kikibaki huenda usilale."

"Kinameza kiasi gani hiki? Hata nusu kijiko hakifiki. Hakifai kuoneshwa wageni." Akalirudisha donge ndooni, akajipangusa. "Hiki si cha ukuta. Ni chako wewe. Ukinipoteza, uje hapa, uniite."

Kurudi, Mashavu alimshika mkono. Mara kwa mara hakuusikia mkono huo, akadhani ni ganzi, akatazama, akakuta amekamata hewa. Alikaza, na mkongwe akarudi akilalamika kwamba anavutwa. Njia nzima ilikuwa hivyo. Alimlaza kwenye mkeka, akamfunika kanga isiyo na kitu pindoni. Bi Mkunde aliuliza, "Yule mbuzi amekwenda wapi?" na kabla hajajibiwa macho yake yalifumba. Yote mawili. Mashavu alisubiri ile sauti ya maganda. Haikuja. Ilikuja pumzi, nzito, yenye unyevu, halafu nyingine.

Mkongwe alikuwa amelala mwili mzima isipokuwa kidole kidogo cha mkono wa kulia. Hicho kilikuwa macho. Kiligonga mkekani taratibu, tok, tok, bila haraka, kama kinamwita mtu ambaye hakina shaka atakuja. Na mara nyingine Mashavu alipotazama hakumwona mtu kwenye mkeka, aliona kanga tu, imenyanyuka na kushuka, na kidole.

Alilala kando. Mkono wake wa kulia ulikuwa unauma sasa, wote, kuanzia begani hadi kwenye kucha, maumivu mapya, ya damu inayorudi. Hakuuondoa. Aliupeleka kwenye mkeka mpaka ukakigusa kile kidole, akakifumbata, kikaendelea kugonga ndani ya kiganja chake, na Mashavu, akikisikia, akalala.